JOHN WALTER GREGORY NA BONDE LA UFA

John Walter Gregory alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1864. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya sufu, na mtoto alipopata umri wa miaka 15 aliacha shule akawa karani katika biashara hiyo hiyo. Mchana aliandika hesabu za sufu. Jioni alikwenda darasani kujifunza elimu ya mawe na ardhi. Mwaka 1887 akapata kazi katika jumba la makumbusho la London.

Siku zile wasafiri walikuwa wameleta Ulaya habari za maziwa ya Afrika ya Mashariki, yaliyopangana kama shanga katika bonde refu. Mtaalamu mmoja wa Vienna, Eduard Suess, ambaye hakupata kuiona nchi ile, alizisoma habari hizo akasema kwamba ardhi ya huko imepasuka. Gregory akataka kuyahakikisha maneno hayo kwa nyundo yake.

Msafara wa kwanza aliofuatana nao ulivunjika kabla ya kufika mbali. Wengi wangalirudi kwao. Yeye akaenda Mombasa, na mwezi wa Machi 1893 akaondoka tena pamoja na wapagazi wapatao 40. Hao ndio waliobeba chakula, hema, na mawe aliyoyakusanya. Pasipo wao hakuna jiwe hata moja ambalo lingalifika London.

Wakapita Naivasha, wakafika Baringo. Mto uchimbao bonde hupinda-pinda, na mwisho hutafuta njia ya kutokea. Lakini kuta za bonde hili zimenyoka mwendo mrefu, na katika ziwa Baringo hakuna mto utokao. Gregory alizichungua tabaka za mawe, akakata shauri kwamba bonde halikuchimbwa na maji. Nchi ya katikati ilititia baina ya nyufa, na maji yakakusanyika penye mashimo. Aliporudi alipitia mlima Kenya, akapanda hata penye barafu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1896, na jina alilolipa bonde hilo latumika hata leo.

Baadaye alifundisha Glasgow tangu 1904 hata 1929. Mwaka 1932 alikufa maji katika mto Urubamba, nchi ya Peru, chombo chake kilipopinduka.

Jambo moja hakuliweza: kuona chini ya maziwa. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na chini ya maji hayo mna tope. Katika miaka ya 1980 wataalamu kutoka Marekani walipita kwa meli juu ya Tanganyika na Nyasa, wakivuta nyuma yao chombo cha kufyatua hewa iliyoshindiliwa. Mshindo ulishuka majini, ukapenya tope, na kila tabaka ikarudisha mwangwi wake. Nao wakapima muda wa kila mwangwi kurudi. Katika Tanganyika walikuta mahali ambapo tope na mchanga vimelundikana zaidi ya mita 4,000.

Basi ni kweli kwamba nchi ilititia. Lakini Gregory alidhani imeshuka sawasawa baina ya kuta mbili. Mwangwi ulionyesha kwamba mara nyingi ufa mkubwa uko upande mmoja tu, na sakafu imeinama kama meza iliyovunjika miguu ya upande mmoja. Tena ufa huo hubadili upande: penye shimo moja uko mashariki, na penye shimo lifuatalo uko magharibi.