Isaac Roberts: mjenzi wa nyumba aliyepiga picha ya galaksi ya Andromeda mwaka 1888

Wakaaji wa Kasongo na Kabambare wanaoamka mbele ya alfajiri katika mwezi wa nane wanaweza kuona, upande wa kaskazini, doa hafifu la mwanga kama moshi mdogo uliosimama. Lazima kusiwe na mbalamwezi, wala moshi wa majani yanayochomwa wakati wa kiangazi. Doa hilo si wingu. Ni Andromeda, galaksi nyingine, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota ulio nje kabisa ya mkusanyiko tunamoishi sisi. Mwanga wake husafiri karibu miaka milioni 2 na nusu mpaka kufika Maniema.

Mtu aliyeonyesha kwa picha umbo la doa hilo hakuwa mtaalamu wa serikali wala mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa mjenzi.

Isaac Roberts alizaliwa tarehe 27 mwezi wa kwanza 1829 huko Wales, mtoto wa mkulima. Alikulia Liverpool, na akiwa na miaka 15 aliingia kwa wajenzi kujifunza kazi. Mwaka 1859 alifungua kazi yake mwenyewe, akapata mali. Kwanza alipenda kuchunguza mawe na udongo. Alikuwa anakaribia miaka 50 aliponunua darubini yake ya kwanza ya maana mwaka 1878, akaanza kutazama nyota usiku kisha mchana anarudi kwenye kazi yake.

Mwaka 1885 aliletewa darubini iliyotengenezwa Dublin na Howard Grubb, yenye kioo cha upana wa sentimita 50 hivi. Aliiweka Maghull, karibu na Liverpool. Hakutaka jicho litazame ndani yake. Mahali pa jicho aliweka kipande cha kioo kilichopakwa dawa ya kupokea picha.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipokuwa ngumu. Galaksi ina mwanga dhaifu sana, kwa hiyo kioo kinapaswa kuachwa wazi kwa masaa. Lakini dunia inazunguka, na nyota zinaonekana kutembea. Darubini isipozifuata, picha inakuwa mistari tu. Roberts alifunga darubini mbili pamoja: kubwa ilipiga picha, ndogo ilikuwa ya mlinzi. Mashini ya saa ilizisukuma zote polepole, na mtu alikaa na jicho lake kwenye ile ndogo, katika baridi, akihakikisha nyota moja haitoki mahali pake. Wingu likipita, usiku umepotea. Leo wapenzi wa nyota wanatumia kamera ya dijitali na ordinatere inayofanya ulinzi huo, lakini kazi ni ileile.

Tarehe 29 mwezi wa kumi na mbili 1888 alipata picha iliyomtangaza. Wakati huo Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip, na darubini ya namna hiyo haikuwa imefika huku. Picha ilionyesha kwamba Andromeda si moshi usio na umbo: ina kiini chenye mwanga, na mikanda inayokizunguka. Wataalamu wenye darubini kubwa kuliko yake walikuwa wameitazama kwa miaka mingi bila kuona hivyo.

Je, alijua ni nini alichopiga? Hapana. Aliamini anaona jua jipya likizaliwa pamoja na sayari zake, jambo ambalo wengi wa wakati wake waliliamini pia. Picha ilikuwa ya kweli, maelezo yake hayakuwa.

Mwaka 1890 alihamia Crowborough, juu ya kilima kusini mwa Uingereza, kutafuta anga safi. Kitabu chake cha kwanza cha picha kilitoka 1893, mwaka uleule majeshi ya Dhanis yalipoteka Kasongo. Miaka miwili baadaye Shirika la Kifalme la Wanajimu la Uingereza lilimpa medali ya dhahabu. Ni haki kutaja pia William Franks, aliyeajiriwa 1892 kuendesha darubini. Sehemu ya sifa za Crowborough ni jasho lake.

Mwaka 1896, katika safari ya meli kwenda Norway kutazama kupatwa kwa jua, Roberts alikutana na Dorothea Klumpke, Mmarekani aliyefanya kazi katika kituo cha nyota cha Paris. Walioana 1901. Roberts alikufa ghafla tarehe 17 mwezi wa saba 1904.

Jibu juu ya Andromeda lilikuja 1923, Edwin Hubble alipoona huko California, katika picha vilevile, nyota moja inayobadilika mwanga. Kwa hiyo aliweza kupima umbali, na ilikuwa wazi kwamba iko nje ya galaksi yetu. Dorothea alikuwa bado hai. Mwaka 1929 alichapisha kitabu cha picha za mume wake, akijua juu ya Andromeda jambo ambalo mume wake hakulijua.