Kristian Birkeland: alikufa kabla ya kuthibitishwa

Leo tunawaletea maisha ya Kristian Birkeland, mwanasayansi wa Norway, aliyezaliwa mwaka 1867 katika mji unaoitwa leo Oslo.

Kaskazini ya mbali, usiku wa baridi, mbingu huwaka mianga ya kijani na nyekundu inayocheza kama pazia kwenye upepo. Birkeland alitaka kujua inatoka wapi. Mwaka 1899 alipanda mlima Haldde, kaskazini mwa Norway, yeye na wenzake, wakakaa huko majira ya baridi wakipima mianga hiyo na sumaku ya dunia. Kazi hiyo iligharimu: kijana mmoja wa kundi lake alikufa katika maporomoko ya theluji. Miaka ya 1902 na 1903 aliweka vituo vinne, kuanzia Iceland hadi Novaya Zemlya, ili vipimo vichukuliwe kwa wakati mmoja.

Jibu lake lilikuwa hili: jua hurusha chembe ndogo sana zenye umeme. Zikifika karibu na dunia, sumaku yake huziongoza kuelekea kwenye ncha. Huko juu, kilomita 100 na zaidi, zinagonga hewa nayo inatoa mwanga. Akaongeza kwamba mikondo ya umeme hushuka kutoka angani kwa kufuata mistari ya sumaku, kisha hupanda tena. Alitengeneza hata dunia ndogo, tufe lenye sumaku ndani ya sanduku lisilo na hewa; alipolirushia chembe za umeme, mwanga ulizunguka ncha zake.

Wakubwa wa elimu hiyo huko Uingereza hawakumkubali. Kwao, anga lilikuwa tupu, na mikondo ilibaki katika hewa ya juu tu. Vipimo vya ardhini peke yake havikuweza kumaliza ubishi huo.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya uchungu. Alikwenda Misri kuchunguza anga, usingizi ukamkimbia, akategemea dawa. Vita vikiwa vimewaka Ulaya, alipitia Japani akitafuta njia ya kurudi kwao. Alikufa peke yake hotelini Tokyo, tarehe 15 Juni 1917, akiwa na miaka 49.

Karibu miaka 50 baadaye, satelaiti zilipita juu ya ncha ya dunia na kuikuta mikondo ile. Leo inaitwa kwa jina lake.

Hatumweki Birkeland kati ya watakatifu. Lakini maisha yake yanatukumbusha mashahidi wa Waebrania 11, waliokufa kabla ya kuipokea ahadi. Wewe unayefundisha watoto, unayepatanisha jirani na jirani, unayesema kweli na watu wanakucheka: usipime kazi yako kwa makofi ya leo. Kweli haifi pamoja na aliyeisema. Mungu aliyeweka mianga ile mbinguni anaona pia kazi inayofanyika gizani.