Mpiga Fidla Aliyetoroka kwa Askofu

Mwezi huu twawaletea habari za Heinrich Biber, mpiga fidla hodari aliyezaliwa mwaka 1644 katika mji mdogo wa Wartenberg, nchi ya Bohemia. Habari za utoto wake ni chache, basi na tuzipite.

Alipokuwa kijana alipata kazi kwa Askofu wa Olomouc, katika jumba la Askofu huko Kroměříž. Mwaka 1670 Askofu alimtuma safari ya mbali kwenda Absam, nchi ya Tirol, akachukue vyombo vya muziki kwa fundi mashuhuri Jakob Stainer. Biber aliondoka, asirudi. Hakuomba ruhusa wala hakuaga. Punde akaonekana Salzburg, akimtumikia Askofu Mkuu Max Gandolph. Sisi tuliofundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu twajua uchungu wa kumtuma kijana na kumngoja bure, wala hatuwezi kumsifu kwa hilo. Lakini yule Askofu wa kwanza hakumfuata kwa kisasi. Naye Biber akawa akimpelekea nyimbo alizotunga, na nyingi zimehifadhiwa Kroměříž hata leo. Barua ya kumwachilia ilitolewa mwaka 1676, baada ya miaka sita.

Yapata wakati huohuo alitunga kazi yake kuu: sonata 15 za fidla moja ikisindikizwa na kinanda na vyombo vya sauti nzito. Kila moja ni ya tendo moja katika maisha ya Bwana wetu na Mariamu mama yake, kama wenzetu Wakatoliki wanavyoyatafakari katika rozari. Ajabu yake ni nyuzi. Fidla ina nyuzi nne, na mpigaji huzijua sauti zake tangu utoto. Biber aagiza zikazwe au zilegezwe upya, hata mtu akajikuta mgeni katika chombo chake mwenyewe. Ni ile ya kwanza tu iliyo na nyuzi za kawaida. Katika ya 11, ya Ufufuo, nyuzi mbili za katikati hupishanishwa zikafanya msalaba. Wasikilizaji hawauoni, aujuaye ni mpigaji.

Mwishoni ameongeza kipande cha fidla peke yake, pasipo kusindikizwa, chenye picha ya malaika mlinzi na mtoto mdogo. Sauti nne zashuka, zikarudiwa mara 65, na fidla yazidi kutembea juu yake. Sisi twakipenda hicho kuliko vyote.

Mwaka 1684 alifanywa mkuu wa muziki, na 1690 Kaisari Leopold akampa cheo cha ungwana. Katika watoto wake 11, wanne tu ndio waliokua; binti mmoja akawa mtawa huko Nonnberg. Biber alifariki Salzburg tarehe 3 Mei 1704. Zile sonata zilikaa katika maandishi ya mkono hadi mwaka 1905 zilipopigwa chapa. Karatasi yenye jina lake ilikuwa imekwisha kupotea, ndiyo maana wengine huziita Sonata za Rozari, na wengine Sonata za Mafumbo.