Al-Biruni: aliyeipima dunia kwa mlima mmoja

Ukikaa pale Mama Ngina jioni ukaitazama meli inayotoka Kilindini, utaona haipotei yote kwa mpigo. Hutangulia mwili, hubakia mlingoti, mwisho nao huzama. Manahodha wetu waliyajua haya zamani: ni mviringo wa dunia unaoificha meli. Lakini mviringo huo ni mkubwa kiasi gani? Kuna Muislamu aliyelijibu swali hilo miaka elfu moja iliyopita.

Abu Rayhan al-Biruni alizaliwa Khwarazm, katika Uzbekistan ya leo, mwaka 973. Alipokuwa na umri wa kijana wa sekondari, alishapima kimo cha jua la adhuhuri akajua mji wa Kath uko umbali gani kutoka ikweta.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka nchi yao. Al-Biruni akachukuliwa, yeye na wanazuoni wengine, hadi Ghazna, Afghanistan ya leo. Hakwenda kwa hiari yake, wala hakukaa kitako akalia. Majeshi ya Sultani yalipofungua njia ya India, alijifunza Kisanskriti, akaandika kitabu kikubwa juu ya Wahindi, dini yao na hesabu zao.

Huko ndiko alikoipima dunia. Kabla yake, wataalamu wa Khalifa al-Ma'mun walitembea jangwani, kundi moja kaskazini na jingine kusini, wakahesabu masafa mpaka kimo cha nyota kikabadilika kwa nyuzi moja. Kazi ya kuchosha. Al-Biruni alitafuta mlima tu, karibu na ngome ya Nandana, Pakistan ya leo, ulioelekea uwanda mpana.

Kwanza alisimama chini akapima kilele kutoka sehemu mbili, akapata kimo cha dhiraa 652. Kisha akapanda juu na kutazama pale mbingu inapokutana na ardhi. Lau dunia ingekuwa bapa kama sinia, uwanda usio na mwisho ungekutana na mbingu usawa wa jicho lake. Lakini jicho liliinama kidogo, zaidi ya nusu nyuzi. Kwa mwinamo huo na kimo cha mlima, hesabu ya pembetatu ikampa umbali wa kutoka kitovu cha dunia hadi juu ya ardhi. Wengi waliozigeuza dhiraa zake kuwa kilomita wanasema jibu lilikaribia sana 6,371 za leo.

Na kwa nini ahangaike hivyo? Hesabu hizo zimo katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025 juu ya kujua mahali pa miji, na mojawapo ya haja zake ilikuwa kuitafuta kibla ya Ghazna. Kwake hesabu na ibada havikugombana.

Nalisema hili kwa sababu simuni zinazunguka video za kudai dunia ni bapa, na wapo vijana wetu wanaozieneza wakidhani wanaitetea dini. Na wengine huikimbia hesabu wakisema ni elimu ya watu wengine.

Inasimuliwa kwamba al-Biruni akiwa kitandani, roho i karibu kutoka, alimuuliza faqihi aliyekuja kumtazama juu ya mas-ala ya mirathi. Mgeni alimwonea huruma. Mgonjwa akamjibu kuwa ni bora aiage dunia akiijua mas-ala ile kuliko kuondoka hajui. Akaelezwa. Faqihi alipotoka, hajafika mbali, akasikia kilio nyumbani mule.