Wangari Maathai: Msichana wa Ihithe aliyesoma tope la mito

Mvua ikinyesha Nyeri, hebu simama darajani uangalie mto. Maji ni ya kahawia, kama chai ya maziwa. Wengi wetu tunapita tu. Wangari Maathai hakupita.

Alizaliwa Ihithe, Tetu, Aprili 1, 1940. Utotoni alikuwa akichezea kijito karibu na mugumo ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake. Maji yalikuwa safi, hata mayai ya vyura aliyaona kama shanga. Akijaribu kuyachota, yanamponyoka.

Mwaka 1960 alienda Marekani kusomea biolojia. Huko Pittsburgh alijifunza kuchunguza tishu kwa hadubini, yaani kazi yake ikawa kutazama vitu vidogo. Mwaka 1971 akapata uzamifu Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati.

Halafu akaanza utafiti wa kupe wa ng'ombe. Akiwa mashambani akitafuta kupe, aliona mito imejaa tope na ng'ombe wamekonda mbavu nje. Kurudi nyumbani Nyeri, mambo ni yale yale: msitu wa kiasili umekatwa, chai na kahawa zimechukua nafasi yake. Mugumo haupo. Kijito kimekauka.

Siku hizi mtaalamu hupiga picha ya kokoto za mtoni, kando ameweka rula, na programu inapima kila jiwe. Mawe makubwa yanaonyesha maji yalikuwa na nguvu. Lakini chembe za tope, zisizofika milimita 0.063, picha hiyo haizioni. Hizo huelea na maji hadi yanapotulia, mara nyingi bwawani. Na nyingi ni udongo wa juu wa shamba, ule unaotulisha.

Wangari hakuwa na programu. Alikuwa na macho, na aliuliza udongo huu umetoka wapi. Jibu likawa miti. Juni 5, 1977 alipanda saba Nairobi, na Green Belt Movement ikaanza. Akina mama wa vijijini wakapanda mamilioni. Alipigwa, akafungwa, hakuacha.

Habari za Tuzo ya Nobel, Oktoba 2004, zilimkuta akielekea Nyeri. Alifanya nini? Alipanda mti, akiutazama Mlima Kenya.

Alifariki Septemba 25, 2011. Mito bado inapita na rangi ile. Ukivuka daraja wikendi hii, usiseme ni mvua tu. Lile ni shamba la mtu linaondoka.