Léopold wa Pili: mfalme aliyechoma makaratasi ya Kongo

Mwezi wa nane mwaka 1908, katikati ya joto la Ulaya, ofisa mmoja kijana wa jeshi, Gustave Stinglhamber, alitoka katika jumba la mfalme pale Bruxelles na kwenda kumsalimia rafiki yake kwenye biro za Serikali Huru ya Kongo, hapo jirani tu. Alipotaka kukaa karibu na dirisha, alishtuka: vyuma vya kupashia nyumba joto vilikuwa vinaunguza, na watu walikuwa wanatoka jasho. Akauliza sababu. Akaambiwa kwamba wanachoma makaratasi ya serikali.

Moto ule uliwaka siku nane. Hesabu, barua, ripoti na amri za miaka 23 ziligeuka majivu na moshi juu ya mji wa Bruxelles. Aliyetoa amri ni Léopold wa Pili, mtu ambaye alikuwa mwenye Kongo nzima, Kasongo na Kabambare ndani yake, bila kukanyaga udongo wake hata siku moja.

Kijana aliyesoma vitabu vya hesabu vya wengine

Léopold alizaliwa Bruxelles tarehe 9 mwezi wa nne 1835. Baba yake alikuwa mfalme wa kwanza wa Ubelgiji, nchi ndogo isiyokuwa na koloni. Tangu ujana wake, mtoto huyu alikuwa na wazo moja tu kichwani: kupata koloni ya kumletea mali.

Mwaka 1862, kabla hajawa mfalme, alikwenda Seville huko Hispania, akakaa karibu mwezi mzima. Hakwenda kutembea. Aliingia kila siku katika nyumba ambayo Wahispania walitunza makaratasi ya koloni zao za Amerika, akatafuta kujua faida waliyopata zamani na ile waliyoendelea kupata. Basi ni mtu aliyejua vizuri kazi ya makaratasi ya serikali. Alijua kwamba anayeyafungua miaka mingi baadaye anaweza kuona kila kitu: nani alitoa amri, nani alilipwa, nani alikufa.

Alipanda kiti cha ufalme tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 1865. Mwaka 1878 alimchukua Stanley, yule ambaye wazee wetu walimwita Bula Matari, amfanyie kazi. Stanley na wenzake walizunguka kando ya mto na kuwapa machifu mamia karatasi za kutia alama. Zilikuwa zimeandikwa kwa lugha ambayo machifu hawakuisoma, na ndani yake nchi ilitolewa kwa vitambaa na vitu vidogo vidogo. Kwa nguvu ya karatasi hizo, pamoja na maneno mazuri juu ya kukomesha biashara ya watumwa, mataifa makubwa yaliyokutana Berlin kati ya 1884 na 1885 yalimkubali Léopold kama mwenye Kongo. Serikali ya Ubelgiji haikuwa na sehemu ndani yake. Kongo ilikuwa ya mtu mmoja.

Kasongo na Kabambare zinaingia mikononi mwake

Upande wetu wa Maniema, wakati ule, nguvu ilikuwa kwa Tippu Tip, aliyekuwa na makao Kasongo. Léopold hakuwa bado na askari wa kumshinda. Kwa hiyo mwaka 1887, huko Unguja, Stanley alimtia Tippu Tip sahihi ya mkataba kwa jina la mfalme: awe wali wa Stanley Falls, penye Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mfalme aliyejiita adui wa watumwa alimwajiri mfanyabiashara mkubwa kuliko wote.

Mapatano hayo hayakudumu. Tippu Tip alirudi Unguja, na mtoto wake Sefu akabaki. Vita ikaanza mwaka 1892. Jeshi la Léopold, Force Publique, chini ya Dhanis, liliingia Nyangwe mwezi wa tatu 1893, kisha Kasongo tarehe 22 mwezi wa nne. Kabambare ilianguka mwezi wa kwanza 1894, na Rumaliza akakimbia kuelekea Tanganyika. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa watoto wa nchi hii.

Kuna jambo moja la kukumbuka hapa. Katika Kasongo, askari wa Dhanis walikuta daftari za Emin Pasha, msafiri kutoka Ujerumani aliyeuawa mwaka 1892. Daftari hizo zilitunzwa, zikasafirishwa mpaka Ulaya. Maandishi ya mzungu mmoja yaliyookotwa Kasongo yaliokoka. Lakini yale ambayo serikali ya Léopold iliandika juu ya maelfu ya watu wa Kasongo baada ya vita hiyo yalikuwa na safari nyingine.

Kutoka hapo, pembe za tembo zilizokuwa zinakwenda Unguja zikageuza njia. Ziliteremka na mto mpaka Boma, kisha kwa meli mpaka Anvers.

Amri zisizotangazwa

Léopold alitawala kwa siri. Mwaka 1891, tarehe 21 mwezi wa tisa, alitia sahihi amri iliyowataka maofisa wake wahakikishe pembe na mpira wa porini vinakuwa mali ya serikali. Amri hiyo haikutokea katika gazeti rasmi. Mwanakijiji aliyeuza pembe kwa mfanyabiashara mwingine aligeuka mwizi, bila kuwahi kusikia sheria aliyoivunja.

Mwaka 1896 akajikatia eneo lake mwenyewe katika upande wa Mai-Ndombe, kubwa karibu mara kumi kuliko Ubelgiji. Hilo nalo lilifichwa kwa miaka kadhaa. Faida ya mpira kutoka kule ilijenga majumba na bustani Ulaya. Mwaka 1897 alileta Wakongo 267 Tervuren, karibu na Bruxelles, wakaonyeshwa kwa watu. Saba walikufa na kuzikwa kule.

Katika nchi ya mpira, wanawake walifungwa mpaka waume zao walete kilo zilizotakiwa. Vijiji vilichomwa. Askari walitakiwa kuleta mikono iliyokatwa ili kuonyesha kwamba risasi haikupotea.

Makaratasi yaliyoponyoka

Siri hizo zilianza kutoboka kwa sababu ya watu wachache waliothubutu. Mmoja wao ni Hezekiah Andrew Shanu, mwenye asili ya Lagos, aliyefanya kazi ya serikali Boma kabla ya kuwa mfanyabiashara. Mwaka 1904, tribinali ya Boma ilimhukumu Charles Caudron, wakala wa kampuni ya mpira wa Mongala, kwa kuua watu zaidi ya mia moja. Lakini majuji walimpunguzia adhabu kwa sababu wakubwa wa serikali walijua na waliruhusu. Hukumu hiyo ilikuwa ushahidi mkubwa dhidi ya serikali yenyewe. Shanu alipata karatasi za kesi, akazituma Uingereza kwa Morel, mwandishi aliyekuwa anapigana na Léopold. Serikali ilipogundua, ilimbana, ikakataza wafanyakazi wake kununua kwake. Mwezi wa saba 1905 Shanu alijiua.

Kelele zilipozidi, Léopold alilazimika kutuma majuji watatu kuchunguza. Walipanda mto mpaka Stanleyville, wakasikiliza mamia ya mashahidi. Chifu mmoja wa upande wa Équateur, Lontulu, aliweka mbele yao vijiti 110, kila kijiti kwa mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Ripoti ilitoka mwezi wa kumi na moja 1905 na ilikubali kwamba mabaya yalitendeka. Lakini maneno ya mashahidi wenyewe hayakutangazwa. Yalifungiwa Bruxelles. Watu wa Kasongo na Kabambare hawakupata hata nafasi hiyo, maana njia ya majuji haikufika kwao.

Kukabidhi nchi bila kukabidhi hesabu

Kufika 1906, Bunge la Ubelgiji lilikuwa linataka Kongo itoke mikononi mwa mfalme. Wabunge waliomba hesabu, mfalme akakawia. Mkataba wa kwanza, wa mwaka 1907, bado ulimwachia lile eneo lake kubwa. Bunge lilikataa mpaka akakubali mwaka 1908 kuliachia. Bei ilikuwa kubwa: Ubelgiji ilibeba madeni ya Kongo ya faranga milioni 110, ikakubali kutoa milioni 45 na nusu kumaliza majengo yake, na juu yake faranga milioni 50 za kumshukuru. Sehemu kubwa ya pesa hizo ilitakiwa kutoka Kongo yenyewe.

Wabunge walipiga kura tarehe 20 mwezi wa nane 1908. Ni mwezi ule ule ambao vyuma vya joto vilikuwa vinawaka. Léopold alimwambia Stinglhamber kwamba Kongo yake atawapa, lakini hawana haki ya kujua alichokifanya kule. Amri ilitumwa pia Kongo, maofisa waharibu ya kwao. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja, nchi ikahamia kwa Ubelgiji, na makabati mengi yakiwa matupu.

Swali lililobaki ni hili: makaratasi yale yalikuwa ya nani? Kwa Léopold, yalikuwa yake, kama vile pembe, mpira na watu walivyokuwa vyake. Hakutofautisha mfuko wake na mfuko wa serikali, wala kabati lake na kabati la serikali. Na hakuna tribinali iliyomwita kujibu kwa ajili ya moto ule.

Kesi ya mali

Léopold alikufa Laeken tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 1909, akiwa na miaka 74. Siku chache kabla, alifunga ndoa ya kanisa na Caroline Lacroix, mwanamke kijana aliyeishi naye miaka kadhaa. Watoto wake watatu wa kike hakuwapenda, na wawili kati yao, Louise na Stéphanie, alikuwa tayari amegombana nao kwa sababu ya urithi wa mama yao. Wosia wake uliwaachia faranga milioni 15, akidai kwamba ndizo alizorithi kwa wazazi wake.

Lakini ikagunduliwa mali nyingine iliyofichwa. Iliwekwa katika shirika liitwalo Niederfüllbach, lililoandikishwa Ujerumani mwaka 1907, na katika kampuni za Ufaransa zilizoshika nyumba na mashamba. Serikali ya Ubelgiji ilisema mali hiyo ilitoka Kongo, kwa hiyo ni yake, kwa sababu ndiyo iliyorithi Kongo. Princess Louise alisema ni mali ya baba, kwa hiyo ni ya watoto. Kesi ilipelekwa mbele ya tribinali ya Bruxelles, na Louise akashindwa.

Kufuata hesabu hizo kulichukua miaka, maana vitabu ambavyo vingeonyesha kila faranga imetoka wapi vilikuwa vimekwisha kuwa majivu. Sehemu kubwa ya pesa hizo ilitoka katika mali ya Kongo. Hata hivyo, katika maavoka wote waliosimama pale, hakuna mmoja aliyedai kwamba zirudi kwa watu waliozitolea jasho na damu.

Yaliyobaki

Moto haukumaliza kila kitu. Yale maneno ya mashahidi wa 1904 na 1905 yalikuwa bado yapo, chini ya ufunguo. Katika miaka ya 1970, balozi mmoja wa Ubelgiji katika Afrika ya magharibi, Jules Marchal, alisoma katika gazeti la Liberia kwamba mamilioni ya watu walikufa chini ya Léopold. Alikasirika, akaomba Bruxelles imtumie ukweli ili ajibu. Hakupata jibu. Alipotaka kusoma mwenyewe, yeye ofisa wa wizara ile ile, alikataliwa: kulikuwa na kanuni ya kutoonyesha karatasi zinazoharibu jina la Ubelgiji. Mlango ulifunguliwa kwa watafiti katika miaka ya 1980. Marchal alisoma, akaandika vitabu vingi, na akakubali kwamba gazeti lile halikuwa limesema uongo.

Leo bado sehemu kubwa ya kumbukumbu za Kongo iko Ubelgiji. Pale Tervuren, katika jumba la makumbusho ambalo Léopold alilianzisha, kuna kumbukumbu za jiolojia na za makampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni. Mtu wa Salamabila au Lusangi anayetaka kujua wazungu waliandika nini juu ya dhahabu iliyo chini ya shamba la babu yake anapaswa kutafuta kule, kilomita maelfu kutoka shambani.

Mwaka 2020 mfalme Philippe, wa ukoo ule ule, aliandika kueleza majuto yake kwa majeraha ya wakati uliopita. Mwaka ule ule Bunge la Ubelgiji liliunda tume juu ya ukoloni, lakini mwisho wa 2022 iliachana bila kupatana juu ya kuomba msamaha. Ya Kasongo na Kabambare yaliyochomwa 1908 hayatarudi. Kilichobaki upande wetu ni yale ambayo wazee wanayakumbuka, na wengi wao wanaondoka kila mwaka bila mtu kuyaandika.