Bankart na siri ya bega linaloteguka

Daktari Mwingereza Arthur Sydney Blundell Bankart, aliyezaliwa mwaka 1879 na kufanya kazi mjini London, anakumbukwa kwa jeraha moja dogo ndani ya bega.

Enzi zake wapasuaji wengi waliamini kuwa bega lililozoea kuteguka lina ngozi ya kiungo iliyolegea, wakaikaza tu. Mwaka 1923 Bankart aliwapinga. Alieleza kuwa kichwa cha mfupa wa mkono kinapochomoka kwa mbele hubandua ukingo wa gegedu kwenye kikombe cha bega. Ukingo huo haujishikizi tena wenyewe, na bega hukosa kizuizi. Tiba yake ilikuwa kuurudishia mahali pake kwa kuushona. Mjerumani Georg Perthes alikwisha kuyaeleza hayo mwaka 1906, lakini jina lililodumu ni la Bankart.

Mwaka 1938 alitoa taarifa ya wagonjwa 27, na hakuna hata mmoja aliyeteguka tena. Alifariki dunia mwaka 1951.

Upasuaji wake ungali unatumika, mara nyingi kwa kamera na matundu madogo. Kikombe kikiwa kimelika sana, hata hivyo, gegedu pekee haitoshi. Hapo hutumika njia aliyoieleza Mfaransa Michel Latarjet mwaka 1954, ya kuhamishia hapo kipande cha mfupa wa bapa la bega.